Chenga za Siku ya Watakatifu Wote

Nilikuwa hodari wa kuchagua mchele. Nasema hivyo bila kujisifu sana, maana kijiji kizima cha Wakristo pale Bagamoyo kilijua. Jirani yangu, mjane mmoja mwenye ulimi mkali, alizoea kusema kwamba siku nitakayofika mbinguni nitasimama mlangoni niombe ungo kwanza, nione kama mchele wa huko ni safi.

Mpunga wetu ulitoka bonde la Kingani, ambako kila nyumba ya kijiji ilikuwa na kipande chake. Ukishatwangwa na kupepetwa, nilikaa kizingitini, ungo mapajani, nikaanza. Punje nzima zilikwenda kulia, chenga zikaenda kushoto, mawe na pumba nikawatupia kuku. Wenzangu walitumia kidole cha shahada. Mimi nilisukuma chenga kwa kidole cha kati, kwa kuzidonoadonoa hivi, na nilidhani ni ufundi nilioubuni mwenyewe.

Kazi hiyo nilikuwa na sababu ya kuipenda. Sisi tuliolelewa misheni tulikuwa na desturi yetu, ambayo hakuna padre aliyetuamuru. Waliianza wakubwa wetu waliokombolewa utumwani mwanzo, nasi tukaifuata. Kila mtu, siku iliyofanana na ile aliyobatizwa, alipeleka kanisani vibaba viwili vya mchele mweupe, akaviweka chini ya altare. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani. Baada ya Misa mchele ulichukuliwa ukapikiwa wagonjwa. Lakini ilikuwa lazima uwe mchele mzima. Chenga zilikuwa chakula cha nyumbani, na mtu kupeleka chenga mbele ya Mungu ilikuwa aibu ambayo jirani yangu angeizungumza mpaka Pasaka.

Siku yangu ilikuwa Watakatifu Wote. Kila mwaka nilianza kuchagua siku kadhaa kabla, na kila mwaka kikapu changu kilikuwa cheupe kuliko vyote. Nilijua, kwa sababu nilikuwa navichungulia vya wenzangu wakati wa kupiga magoti.

Sasa niseme nilikuwa nikishukuru kitu gani.

Kwetu ni bara, pande za Lugoba. Huko mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba, si baba. Njaa ikibisha hodi na ghala likawa tupu, mjomba ana haki ya kumweka mpwa wake rehani kwa mtu mwenye chakula, akiahidi kumrudia baada ya mavuno. Ndivyo nilivyowekwa. Ilikuwa njaa ile kubwa, watu wanachemsha mizizi. Mjomba wangu, kaka wa mama, alinishika mkono asubuhi moja akanipa kikapu kitupu nibebe. Akasema tunakwenda kuazima mbegu. Nikafurahi kuchaguliwa mimi, maana nilidhani anayebeba kikapu ndiye atakayeonja kwanza.

Tulifika kwa mtu mmoja mwenye mahindi. Wakazungumza pembeni. Kisha kikapu kikajazwa, na mjomba akajitwisha mwenyewe kichwani. Aliniambia, "Kaa hapa, nakuja." Akaondoka bila kugeuka. Nilimtazama mgongo wake mpaka njia ilipopinda. Ulikuwa mgongo mpana, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, na chini ya bega hilo palikuwa na kovu la kuungua moto. Mambo mengi ya utotoni nimeyasahau, lakini mgongo ule ningeweza kuuchora.

Mavuno sikuyangoja. Yule mwenye mahindi hakunikalisha hata mwezi. Aliniuza kwa wasafiri, nao wakaniteremsha pwani. Njiani nikashikwa na ndui. Tulipoingia Bagamoyo nilikuwa nimefura uso, macho hayafunguki, na hakuna nahodha ambaye angenipakia. Mwenye mali aliona nitamwambukizia wengine, akaniacha penye ua wa misheni kama mtu anavyotupa chungu kilichopasuka.

Wenzangu wengi walikombolewa kwa fedha. Mimi niliokotwa. Baadaye tulipokuwa wasichana tukigombana, walinitania kwamba mimi nilikuwa wa bure. Niliwahi kulia kwa neno hilo.

Aliyeniokota alikuwa sista mmoja wa Kizungu, mfupi, mwenye miguu ya haraka. Alinilaza kwenye nyumba ya wagonjwa, akaniosha vidonda, akaninywesha uji. Mimi huko nyuma nilikuwa nimeambiwa kwamba Wazungu hula watu. Kwa hiyo nilipoona ninalishwa bila kufanya kazi, nikajua nanoneshwa. Siku ya tatu au ya nne, alipoleta kijiko mdomoni, niliuacha uji nikamuuma mkono. Niliung'ata kwa nguvu zote za mtu anayetaka kuishi, na sikuachia mpaka nilipoionja damu yake.

Fadhila za punda ni mateke, na nisingemlaumu kama angenirudisha pale uani. Nilingoja nipigwe. Asubuhi iliyofuata alikuja mkono umefungwa kitambaa, ameshika bakuli la uji kwa mkono wa pili. Akaketi palepale alipoketi jana. Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Akasema, "Kunywa, mwanangu." Habari ya mkono hakuisema siku ile, wala mwezi ule, wala mpaka homa ilipomuua katika mwaka wake wa pili pale.

Ulikuwa uji wa chenga. Najua kwa sababu hata leo naukumbuka ulimini.

Basi nilipoanza mafundisho, na mwalimu akatueleza rehema ya Mungu, wenzangu walikuwa wakiangalia juu darini. Mimi nilikuwa naona kitambaa. Sikuhitaji maelezo mengi. Nilibatizwa, nikakua, nikaolewa na fundi seremala wa misheni, mtu mpole anayezungumza na mbao kuliko na watu. Tukapewa nyumba katika kijiji, na shamba. Kila jioni nilipiga magoti nikamwombea mama aamke salama, kisha nikamshukuru Mungu kwa mambo matatu: kwamba mimi ni mzima, kwamba nina nyumba, na kwamba nimemsahau mjomba wangu. Hilo la tatu lilikuwa uongo, lakini nililisema kila siku bila kukosa.

Kisha ukaja mwaka wa vita, Wadachi walipotaka kuitawala pwani na wenye pwani wakakataa. Manowari zilipiga mizinga kutoka baharini. Mji ukakimbiwa. Watu wa mjini, watu wa Zinga, watu wa mashamba, Waislamu na wasio na dini, wote waliingia ndani ya ua wa misheni, kwa sababu pande zote mbili ziliheshimu mahali pale. Minazi yetu ikajaa vibanda vya makuti. Penye shimo la maji ilibidi kupanga foleni tangu alfajiri. Chakula kilikuwa kile kila mtu alichokuwa nacho ndani, basi. Padre mkubwa akatangaza kanisani kwamba kila nyumba ya kijiji itapokea mtu mmoja au wawili wasio na jamaa, hasa wagonjwa.

Zilikuwa zimebaki kama siku kumi kufika Watakatifu Wote, na nilikuwa nimekwisha kutenga mpunga wangu.

Mgeni wa nyumba yetu aliletwa mchana. Nilikuwa jikoni, nikatoka kumwona. Alikuwa ameinama akiweka chini mkeka wake uliokunjwa, mgongo amenielekezea mimi. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Kovu lilikuwa mahali pake.

Mgongo wenyewe ulikuwa umekwisha, mbavu zinahesabika, na miguu imevimba kwa njaa. Lakini ningekosea vipi? Nikashika mwimo wa mlango. Aligeuka. Aliona mwanamke mnene kidogo, amevaa gauni la misheni na kitambaa kichwani, uso wote una mashimo ya ndui. Hakunitambua. Akajikunja, mikono miwili mbele, akasema:

"Shikamoo, bibi."

Siku hizi watoto wanamwamkia hivyo kila mkubwa na hakuna anayefikiri. Wakati ule salamu hiyo ilikuwa na uzito. Ilikuwa ya mdogo kwa mkubwa wake, lakini zaidi ilikuwa ya mtumwa kwa bwana wake, kwamba naishika miguu yako. Na aliyekuwa akiishika yangu ni mjomba wangu, ambaye kwa mila ya kwetu mimi ndiye wa kumpigia magoti.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno. Nikasema, "Marahaba."

Sitaficha kwamba ilikuwa tamu. Nilimwonyesha banda la jiko, nikamwambia atalala mle.

Mume wangu alirudi kutoka karakana akaniuliza, "Ndani kuna nafasi. Mbona mgonjwa analala na majivu?"

"Anakohoa," nikamwambia. "Wewe unaamka mapema."

Alinitazama kidogo, akaenda kunawa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote jina la kijiji chetu wala habari ya kikapu, hata yeye.

Kila asubuhi mzee yule alisimama nje ya mlango akangoja nitoke. "Shikamoo, bibi." Nami nikaitikia, "Marahaba." Nilimpa bakuli moja la uji wa chenga kwa siku, nikijiambia kwamba chakula ni kidogo. Ni kweli kilikuwa kidogo, lakini hakikuwa kidogo kiasi hicho. Mchele mzima nilikuwa nao kwenye mtungi nyuma ya mlango, na ule haukuguswa, kwa kuwa ulikuwa wa Mungu. Mchana niliendelea kuuchagua, naye akikaa kivulini mwa banda akinitazama, na zile chenga zilizoanguka kushoto ndizo zilizokuwa uji wake wa kesho.

Na uvimbe wa miguu ukapanda magotini.

Jirani yangu alipita siku moja akamwona, akaja kusimama juu yangu. "Mgeni wako hafiki Noeli kwa uji ule," akasema. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wewe unamla mtu ambaye hata hamjuani."

Nikamjibu kwamba kama ana huruma nyingi amchukue yeye. Alikuwa na watu sita ndani ya chumba kimoja. Akacheka kwa pua, akaenda zake. Nilibaki nikichagua mchele kwa hasira, na maneno yake yalinichoma kuliko alivyojua, kwa sababu mtu yule nilimjua.

Jioni nilisali mambo yangu matatu. Nilipofika la tatu niliruka nikaenda moja kwa moja kwenye Amina.

Kitu kimoja tu kilinisumbua katika raha yangu. Yeye ndiye peke yake aliyejua habari za mama. Kumuuliza ilikuwa sawa na kujitaja, na kujitaja ilikuwa kuishusha ile marahaba. Nilizunguka jambo hilo siku kadhaa kama kuku anayezunguka unga uliofunikwa. Mkesha wa Watakatifu Wote, baada ya adhuhuri, nilikuwa namalizia kibaba cha pili. Nikasema bila kuinua macho:

"Mzee, huko kwenu umeacha nani?"

"Sina mtu, bibi."

"Hata ndugu?"

Akasema kwa Kiswahili chake cha bara, akivuta maneno moja moja, "Nilikuwa na dada mmoja. Dada huyo alikuwa na mtoto wa kike. Ile njaa ilipokuja, tulikuwa watu wanane nyumbani. Nikamchukua yule mtoto nikampeleka rehani, tukala. Baada ya mavuno nilimrudia, nimebeba mahindi. Nikaambiwa amekwisha kuteremshwa pwani."

Mikono yangu iliendelea. Sijui kama kweli alirudi na mahindi. Mpaka leo sijui. Kila mjomba aliyefanya vile angesema alirudi.

"Na dada yako?"

"Yale mahindi ya kwanza hakuyala. Nilipomwambia yametoka wapi, alikiacha chakula palepale. Tukamwekea kingine cha mkono wangu, akakataa. Akala majani, akala mizizi, cha kwangu hakula. Hakufika mavuno."

Mama yangu alikuwa amekufa miaka yote hiyo, nami kila jioni nilikuwa namwombea aamke salama. Nilitaka kupiga yowe, nikashindwa, maana nani aliye na haki ya kumlilia dada wa mgeni? Kwa hiyo nilichagua mchele. Machozi yalinidondoka ungoni nikayachanganya na chenga. Nilimchukia mzee yule kwa chuki safi isiyo na hata jiwe moja.

Alikuwa akitazama ungo. Akasema taratibu, kama anayejisemea, "Dada yangu naye alichagua hivyo. Kwa kidole cha kati. Sijaona mwingine."

Kidole changu kilisimama. Nikakitazama kama si changu. Basi haukuwa ufundi wangu. Ulikuwa wa mama, na nilikuwa nautumia miaka yote bila kujua kwamba nimeubeba.

Niliinua macho. Macho yake yalikuwa yamehama kutoka kwenye mkono wangu, yanapanda usoni polepole, yanapita kwenye mashimo ya ndui moja baada ya jingine kama mtu anayetafuta njia aliyoipita zamani. Tulitazamana. Halafu akainamisha kichwa, akajiinua kwa shida, akaingia bandani. Jioni nilimpelekea uji wake uleule, nikauweka mlangoni, nikarudi ndani.

Asubuhi ya Watakatifu Wote kengele ya kwanza ilipolia nilikuwa tayari nimevaa. Mume wangu ametangulia kupanga mabenchi. Kikapu kilikuwa kimefunikwa kitambaa nilichokifua mara mbili, na mchele ndani yake ulikuwa mzuri kuliko wa miaka yote. Nilijiambia kwamba jana hakunitambua, lilikuwa jua tu machoni mwake, na mzee haoni vizuri. Nikafungua mlango.

Alikuwa amesimama palepale anapongojea siku zote. Alinitazama usoni, sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu aje. Kisha akajikunja, mikono miwili mbele, akainama chini kuliko siku yoyote.

"Shikamoo, bibi."

Alijua. Alijua mimi ni nani, na alikuwa ameamua kwamba salamu ile ndiyo haki yangu. Hakuomba, hakunitaja, hakusema mpwa wangu. Alinipa tu kile nilichokuwa nakichukua kila siku, ila sasa kwa macho mawili wazi, kisha akangoja apigwe.

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Ningesema nini juu ya kilichonizuia? Si utakatifu, jirani yangu ni shahidi. Niliona mkono wangu umeshika kikapu, na nikauona mwingine umefungwa kitambaa, na wa pili wake umeshika bakuli. Yule sista alikuwa na haki yake, ya meno na ya damu, na hakuitumia hata siku moja. Nami nilikuwa nimebeba vibaba viwili kwenda kumshukuru Mungu wake kwa hilo, na nyumbani namnywesha mtu makapi ya shukrani hiyo. Nilijisikia vibaya mno. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

Nikaweka kikapu chini. Nikapiga goti la kulia kama nilivyofundishwa na mama, gauni jeupe na vumbi lake, nikasema:

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Akakaa chini palepale kizingitini.

Nilirudi ndani nikabandika sufuria. Nikamimina mchele wote wa kikapu, vibaba vyote viwili, nikachukua na nazi iliyobaki nikaikuna. Kengele ya pili ikalia. Nilipikia moto mkubwa kuliko unaofaa, na wali ukashika chini kidogo. Nikampakulia akala, nikakaa mbele yake nikamwangalia mpaka akamaliza. Mara mbili aliacha kula akafunika macho kwa mkono, nami nikamwambia, "Kula, mjomba."

Siku ilikuwa siku yangu, na mikono mitupu sikuweza kwenda. Nikachota chenga za jana, nikazitia kikapuni, nikafunika na kitambaa changu kizuri.

Misa ilikuwa imefika Injili. Nilipita katikati ya kanisa peke yangu, watu wakigeuka. Chini ya altare vikapu vya wenzangu vilikuwa vimefunuliwa, vyeupe kama punje za kitunguu saumu. Nikafunua changu. Nilisikia jirani yangu akivuta pumzi nyuma yangu. Nikapiga magoti, na kwa mara ya kwanza tangu nibatizwe sikuchungulia cha mtu. Nilimwambia Mungu kwamba chenga hizi ndizo nilizobaki nazo, mzima umeliwa, na kwamba lile la tatu nilikuwa ninamdanganya. Kisha nikamlilia mama yangu, pale mbele ya watu wote, nao wakadhani nalia kwa ajili ya chenga.

Baada ya Misa padre mkubwa alikusanya vikapu. Alifika kwenye changu akatia mkono, akazitazama chenga kiganjani. Nilijiandaa kujieleza.

"Hizi zinafaa uji," akasema. "Wagonjwa hawatafuni." Akaendelea na kikapu kingine.

Jirani alinishika nje. "Umeugua?" akaniuliza.

"Mgeni wangu ni mjomba wangu," nikamwambia. "Amekula mzima."

Kisha jioni akaleta kipande cha samaki mkavu, akasema amekipata cha ziada, na hiyo haikuwa kweli.

Mjomba alihamia ndani. Mume wangu nilimweleza yote, akasikiliza mpaka mwisho akiparua ubao, akasema, "Basi atahitaji kitanda," akatengeneza. Uvimbe ulishuka polepole. Alikaa nasi miezi mingi, akisuka makuti kwa ajili ya vibanda vya wakimbizi, maana hakuweza kukaa bure. Sitasema moyo wangu ulikuwa mweupe siku zote. Zilikuwapo siku nilizomwona amekaa anakula nikamkumbuka mama, nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Kisha nilirudi ndani.

Kila asubuhi nilimwamkia. "Shikamoo, mjomba." Na kila asubuhi aliinamisha kichwa akanyamaza. Neno moja lile ambalo mimi nililimeza kila siku kama asali, yeye hakuweza kulipokea. Mwanzo lilinikera, nikaona ni kiburi. Baadaye nikakumbuka jinsi nilivyokiacha kijiko nikauma mkono, na sikumlazimisha tena. Nilimwamkia tu, nikaenda kuchota maji.

Mapigano yalipotulia na njia za bara zikafunguka, alisema anataka kwenda kwao kabla ya mvua. Nilimfungia mchele katika kitambaa, mzima na chenga pamoja, sikuuchagua. Nikamsindikiza mpaka nje ya ua, karibu na pale nilipotupwa na ndui yangu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

Alisimama. Mzigo alikuwa nao kichwani.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Akaanza kwenda. Niliutazama mgongo wake, bega moja limeshuka, nikangoja upotee kama ule wa zamani. Lakini alipofika mbali kidogo akageuka, akarudi hatua chache.

"Nitapita kaburini kwa mama yako," akasema. "Nimwambie nini?"

Padre asingependa mazungumzo ya makaburini, nami nilikuwa Mkristo wa kutosha kulijua hilo. Nikafikiri juu ya mama na kile chakula alichokiacha.

"Mwambie umekula kwangu," nikamwambia.